Neno la Bi Thackray

Januari ya sitini na tatu. Theluji imefika kingo za madirisha.
Nilipanda kilima na mkoba wangu wa uuguzi,
mgeni kutoka kusini kabisa, Kornwoli,
lafudhi yangu ikichekwa na watoto pale dukani.
Bi Winifred Thackray, miaka themanini na minne,
arobaini yake kaiacha kwenye mitambo ya kufumia sufu,
alikuwa kitini, mikono kaificha kwapani.
Akasema, "Starved, mwanangu. Starved hasa."

Nikalielewa kwa sikio la kwetu.
Mbio jikoni. Nikakata mkate,
nikapaka siagi yote ya wiki,
nikapasha supu ya njegere hadi ikafurika jikoni.
Aliitazama sahani
kama mtu aliyeletewa barua ya jirani.
"Chakula kakuomba nani? Nimeshakula.
Funga mlango huo kabla hujanizika."

Baridi.
Kumbe alikuwa anasema baridi.

Alhamisi, maktaba ya Keighley.
Bwana Murgatroyd, mafua puani, miwani kwenye paji,
alinifungulia kamusi nzito kama jiwe la kusagia
akaniacha nayo.
Hapo kale, neno lile lilikuwa na maana ya kufa.
Kufa tu. Kwa upanga, kwa mto, kwa homa,
kwa uzee, kwa kuachwa. Halikuuliza sababu.
Kisha likaja neno jingine, die, fupi,
huenda lilishuka merikebuni na watu wa Norwe,
likakalia kiti chake.
La zamani halikuondoka.
Kama mfalme aliyepinduliwa akakubali ukarani,
lilipewa kidaftari: kusini liandike waliouawa na njaa,
kaskazini, waliouawa na baridi.
Na karne zilivyopita, hata kifo chenyewe kikafutika,
kikabaki kitetemeshi cha asubuhi,
au mtoto anayegonga kijiko mezani kabla ya chai.

Mwishoni mwa safu, kwa herufi za kuumiza macho,
paliandikwa huenda, na tena huenda:
shina lake ni kukakamaa.
Nikatoka nje. Uani kwa mtu,
shati lililosahauliwa kwenye kamba
limeganda, mikono imenyooka,
kama limepigwa wanga na fundi mwenye hasira.
Sikuhitaji kamusi tena.

Toka siku hiyo, akilisema, nilileta makaa.
Siku moja nililiuliza: lipi hasa, Bi Winifred?
Akafikiri. "Mwaka wa mgomo," akasema,
"yote mawili. Hatukuwa na haja ya kuyatenganisha."
Akarudi kwenye fumo lake.

Makaa yaliletwa na Gerhard Lüttich,
aliyekuja mateka wa vita akabaki kuchunga kondoo wa watu.
Yeye ndiye aliyemkuta, tarehe kumi na nane Februari,
mablanketi matatu mwilini, moto bado unapumua.
Alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi,
Kiingereza chake cha miaka kumi na minane kimemkimbia,
akasema kwa lugha ya mama yake:
gestorben.
Nikalisikia. Neno lile lile,
zima, halijakatwa na kusini wala kaskazini,
halijapewa kidaftari.

Fomu ya serikali ilikuwa na kisanduku cha sababu.
Daktari aliandika moyo.

Pasaka nilirudi kwetu, siku nzima kwenye treni,
kipasha-joto cha behewa kimeharibika tangu Bristo.
Mama alifungua mlango. Meno yangu yakigongana,
nikasema, bila kufikiri, neno la Bi Thackray.
Mama akageuka mbio, nikasikia kikaango,
mayai, kisu kwenye mkate.
Sikumsahihisha.
Nilikaa karibu na jiko lake nikala vyote,
na sikuwa na njaa.