Sekunde Nane

Elingaya wa lori la kahawa alirudi Jumatatu,
akaitupa flashi mezani kama jino lililong'oka.
"Nimekulipa nyimbo mia. Kabla ya Himo redio ikawa bubu.
Mwanga ikaimba. Kufika Same, bubu tena.
Umeniuzia nini, wewe? Pumzi?"

Nikaichomeka. Kwa juu, safi,
nyimbo zimejipanga kama wanafunzi mstarini.
Nikaiambia kompyuta: nionyeshe na vilivyofichwa.
Loo.
Vilikuwa vimelala kati ya nyimbo kama kunguni kwenye mishono ya godoro,
vipicha, vidogo na vidogo zaidi,
vyenye majina marefu ya namba na mabano,
viwili viwili kila folda,
hata folda yenye wimbo mmoja tu wa kipaimara.

Sikuviweka mimi.
Ni ile programu ya kuchezea muziki. Nikiigusisha albamu tu,
inakimbia mtandaoni kwa bando langu,
inarudi na picha, haipigi hodi,
inaiacha humo na kuificha
kama mgeni anayesahau viatu vyake chini ya kitanda chako.

Na laiti zingekuwa picha za kweli!
Kwaya ya usharika wetu wa mlimani,
iliyorekodiwa kwenye kaseti mwaka wa njaa,
jogoo akiwika katikati ya ubeti wa pili,
programu imeivisha uso wa mzungu mwenye gitaa
amesimama kwenye theluji.
Theluji! Sisi ambao Kibo kiko nyuma ya choo,
tunaazimwa theluji ya watu.

Nilivifuta; vikaota.
Nikavifuta tena; magugu ya mgombani baada ya masika.
Usiku wa tatu, umeme uliporudi, nikaingia jikoni kwake yenyewe:
mipangilio, maktaba, faragha.
Kisanduku kimoja kimetiwa tiki tangu kuzaliwa,
kinajitolea kunitafutia "taarifa za ziada".
Nani alimtuma?
Nikaitoa tiki. Na ya chini yake.
Kisha folda zote nikazitia kufuli: soma tu, usiandike.
Picha elfu tatu mia nne na kumi na mbili
zikaenda kwenye debe la taka,
na feni ya kompyuta ikashusha pumzi.

Elingaya amekwenda hadi Korogwe akiimba. Sawa.

Ijumaa akaja Mama Ndeshi, muuza mitumba wa Kiborloni,
redio yake ndogo ndani ya kikapu,
haina kioo, ina taa moja nyekundu.
"Juzi ulipoisafisha flashi yangu, uliondoa nini?"
Nikajitapa: uchafu, mama. Picha.
"Picha gani?"
Za watu usiowajua.
Akanyamaza, akakunja shuka la mtoto
ambalo hakuja kuliuza.

"Baada ya wimbo wa nne," akasema,
"ilikuwa inanyamaza kidogo. Sekunde nane hivi.
Marehemu alikuwa anainuka hapo hapo
kugeuza kaseti.
Goti lake lilikuwa linalia.
Halafu ndio wimbo wa tano."

Nje mtu alikuwa anapiga bei ya parachichi.
Nilifungua debe la taka, nikachokoa,
nikampata yuleyule wa gitaa, kwenye theluji yake,
ukubwa wa ukucha.
Nikafungua kufuli la folda moja, ya huyu mama peke yake,
nikampa mzungu namba tano,
wimbo wa tano ukasogea, ukawa wa sita.

Tulijaribu pale pale mezani.
Wa nne ukaisha. Taa nyekundu ikapepesa.
Mama Ndeshi aligeuza uso kidogo kuelekea mlangoni.

"Bei gani?"
Kimya hatuuzi, nikasema,
na nikajiona mjanja wa maneno
mpaka alipoweka mia tano juu ya kibodi.
"Basi chukua ya umeme."