Sarafu Nyekundu

Reino, ulisema kwenye simu: kiuze kama chuma chakavu.
Nikakujibu ndiyo, kama ninavyokujibu siku zote,
kisha nikafunga mlango wa gereji,
nikawasha hita ya mafuta, nikavaa sweta mbili,
nikakifungua kinanda cha Mama.

Panya walinitangulia. Wamejenga ndani ya spika
kwa nyuzi za pazia na majina ya nyimbo,
vile vikaratasi vilivyopigwa taipu.
Yamebaki nusunusu: *usiku wa*, *nirudie nd*, *moyo*.

Nje, Hancock imezikwa. Theluji imefika dirishani.
Miaka thelathini na moja nimetengeneza mabasi ya shule,
na basi halina siri, likikohoa unajua ni pafu gani.
Hiki kina nyaya za rangi ishirini
ambazo kwa uzee zimekuwa rangi moja, rangi ya chai,
na kila skrubu imewekwa pale mkono usipofika.
Nimejiunguza kidole gumba kwa lehemu,
nikatukana kwa Kifini,
lugha ninayoitumia sasa kwa matusi
na kwa sala tu.

Siku ya tisa, kwenye koo la sarafu,
pale inapopimwa uzito na kuulizwa kama ni halali,
palikuwa na kitu kimekwama. Nikakivuta kwa kibanio cha nyusi.
Robo dola.
Uso wake umepakwa rangi nyekundu.
Ile nyekundu ya kucha, Reino.

Unaikumbuka chupa? Chini ya kaunta,
kati ya kopo la chumvi na daftari la madeni.
Na Mama, kucha zake fupi kama za seremala,
zinanuka kitunguu na magadi,
hakuna aliyewahi kuziona zimepakwa.
Wewe ulisema: ana mtu.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikakuamini.
Majira yote ya baridi nikawachunguza wanaume
wakikung'uta theluji viatuni mlangoni,
nikijiuliza ni yupi,
nikimchukia hata yule mzee wa posta, masikini.

Kumbe alikuwa anapaka sarafu.

Baa ikipoa, wateja wakitazama bia zao
kama wanaosoma gazeti la jana,
alitoa moja kwenye droo, akaitumbukiza mwenyewe,
mpaka mguu wa mtu uanze kugonga sakafu
na mtu huyo aingize mkono mfukoni.
Mwisho wa mwezi wakala wa kampuni akaja,
wakamwaga, wakahesabu, wakagawana,
na zile nyekundu akazisukuma upande wake:
hizi zako, Impi, hazimo.

Pesa ya kuchokoza pesa.
Hakuwa na mtu. Alikuwa na kodi ya pango.

Niliinua simu nikuambie. Nikaiweka.
Huko Tucson ilikuwa saa nne usiku, na wewe una moyo wako huo.

Jana taa zimewaka. Si zote,
upande wa kushoto bado ni pengo la jino.
Nikabonyeza C-4, nikapewa H-2:
mkono wa chuma ukatembea, ukasita
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
ukabeba santuri ambayo sikuiomba.
Mota ina baridi, inajivuta,
basi mwimbaji yule wa kike akatoka na sauti ya mjomba Eino
akiwa amelewa.
Nilicheka peke yangu mpaka hita ikazimika.

Nitarekebisha. Au C-4 nitaiacha hivyo.
Njoo Juni, barabara zikiwa zimefunguka,
na usijifanye umeleta chenji,
kuna moja ya nyumba hapa juu ya benchi, nimeisugua
upande mmoja tu.

Halafu natafuta fyuzi ya kioo, ampea tano, ile fupi.
Hapa hawana. Uliza huko.