Pipa Limenuna

Nilifika Bahla na sanduku la vipimo,
karatasi za litmasi, pipeti mbili za kioo,
na fomu ya ofisi yenye safu nne:
Dutu. Kiasi. Mmenyuko. Maoni.

Bi Ghaliya bint Sleyum hakuitazama fomu.
Aliniuliza kama nimekula.
Kisha, kwa Kiswahili cha Wete alichokuja nacho
pamoja na mbuzi ya nazi na kaniki ya mamaye,
akafunua kifuniko. Harufu ikanizaba kofi:
tende zilizochacha, majivu ya makuti, nili.

"Leo limenuna," akasema. "Huoni halina ua?"
Nikapekua istilahi zangu. Ua halimo.
Kumbe ni povu la juu, lenye mng'ao wa shaba,
linalochanua pipa likiwa radhi.

Nikaeleza: sukari ya tende huinyang'anya nili oksijeni,
na tendo hilo kitabuni huitwa kupunguza.
"Kupunguza?" Akashika kiuno.
"Wiki nzima naliongezea! Tende juu ya tende,
majivu, maji ya vuguvugu, blanketi la usiku.
Aliyepunguza nani?"

Sikuandika kitu.

Baada ya adhuhuri ua likachomoza.
Nikachovya litmasi nyekundu;
ikatoka kijani, ikapigwa na upepo,
ikawa buluu mbele ya macho yetu.
Nikapaza sauti: Alkali!
Akacheka hata akauegemea ukuta.
"Mwanangu, humu hata kidole chako ni alkali.
Hata mwiko. Hata paka wa jirani,
alitumbukia mwezi wa Rajabu."
Akagusa maji, akapeleka tone kwenye ncha ya ulimi.
"Linauma kidogo, linateleza. Basi."

Akakizamisha kitambaa taratibu,
kama anayelaza mtoto asiyetaka kulala.
Akakiinua: rangi ya jani changa la mgomba.
Nikafungua kinywa niseme uoksidishaji.
"Shh," akasema. "Kinavuta pumzi."
Tukanyamaza, sisi wawili na kamba ya kuanikia,
mpaka ubuluu ukafika pindoni.

Maskati, mhasibu amenirudishia fomu:
safu ya tatu haijajazwa.
Kucha zangu, siku ya nne leo,
zimekataa asetoni, zimekataa ndimu.
Mmenyuko, nimeandika:
lilinuna, halafu likaridhika.
Maoni: paka.