Nakala ya Mia Mbili na Kumi na Saba

Nilikwenda Ngomeni kununua kitanda,
mnada wa nyumba ya mhasibu wa shamba la mkonge,
Mswisi aliyeondoka na kofia yake tu.
Kitanda kilikwenda kwa mwenye hela.
Mimi nikaangukiwa na sanduku, elfu nane,
na kicheko cha dalali juu yake:
"Singano, Kifaransa kitupu hicho,
labda ukafungie maandazi."

Vitabu vinne. Ngozi rangi ya buni iliyozidi moto.
Na kila penye picha, karatasi nyembamba,
ganda la kitunguu,
imelazwa kama shela usoni mwa biharusi.
Nikapuliza. Ikainuka yenyewe.
Chini yake mwanamke anashusha ndoo kisimani,
mkono wake umepakwa rangi kwa brashi, si kwa mashine:
waridi limevuka mstari wa kiwiko
kidogo tu,
kama mchoraji aliitwa chakula.

Ukurasa wa mwisho, kwa penseli: 217/350.

Nikakaa chini.
Miaka thelathini na moja, karani wa ghala,
nimehesabu marobota nikiyapiga namba kwa rangi nyeusi;
robota na robota ni pacha,
namba ni ya kuzuia wizi.
Namba hii ilikuwa jina.

Hapo ndipo nilipopotea. Mwanamkasi husema hivyo
mbele ya wageni. Paa linavuja upande wa jiko,
na mimi natoka Barabara ya Kumi na Nne kwa baiskeli
hadi Posta, kupokea kifurushi cha mtu
aliyeandika juu ya bahasha: Tanga, Tanganyika.
Namwambia, wenzangu wanakusanya wake.
Ananijibu, wake wangefua.

Vimefika kumi na tisa.
Masika nafungua kabati saa sita mchana,
nakigeuza kila kimoja kama mgonjwa wa kitandani,
karafuu kwenye kitambaa, kitambaa pembeni.
Kifaransa chenyewe nakijua kama mtaa niliopita usiku:
naziona kona, sijui majina.
Kamusi yangu imeliwa na mchwa, inaanzia D.
Nasikia neno la mapenzi limo kwenye A.

Kile cha nne, cha sanduku la kwanza,
kurasa zake hazijapata kukatwa.
Zimekunjwa vilevile zilivyotoka kwa mchapaji,
zimeshikana kwa juu.
Virjee wa Upanga anatoa milioni mbili,
sharti moja: kisu kisipite.
Mwanamkasi kesha kwenda kuulizia bei ya mabati.

Jana Saumu, mjukuu wangu, kafumba jicho moja,
akachungulia kati ya makunjo kama anayetazama ndani ya bomba.
"Babu, humu mna mguu."
Mguu wa nani?
"Sijui. Mwenyewe yuko ng'ambo ya mkunjo."

Sikulala.
Mguu. Wa aliyekaa, wa aliyekufa, wa anayekimbia?
Wenzake mia tatu arobaini na tisa huenda wameshaonwa;
huyu wa 217 yuko gizani tangu siku ya kukunjwa,
kavuka bahari hajui,
kakaa Ngomeni hajui.

Alfajiri nikachukua kisu cha mchicha.
Sauti yake: doti ya khanga ikitenganishwa.
Nilikata kombo, ukingo ukabaki
kama mkate ulioumwa na mtoto.

Mwanamume amelala chini ya meza.
Kiatu kimoja mguuni.
Ndani ya kile kingine, paka.

Ndiyo hivyo tu.
Saumu akasema, "Kiatu kinamtosha."

Mlangoni Mwanamkasi, na taa mkononi.
Akanitazama mimi, akatazama kisu,
akatazama juu, kule panapovuja.
Kisha akainama juu ya ukurasa
muda mrefu kuliko nilivyoweza kupumua.
"Kisu changu hicho," akasema.
Akavuta kigoda.
"Kata na huo."