Viatu vya Kupindukia

Saa kumi na moja alfajiri, hapa Goma,
maji ya ziwa yana meno madogo.
Hayaui. Yanang'ata vidole tu hadi vinasahau kuwa ni vyako,
na mguu unakuwa kitu cha kuazima:
unautuma, hausikii.

Kazi yenyewe ndogo. Kila Jumanne
napiga kafi hadi nguzo ya kipimo katikati ya ghuba,
nasoma maji yamepanda au yameshuka, narudi.
Kayaki ni yao, nyekundu, ina kiraka tumboni.
Mkataba unasema: viatu ni juu yako.

Nikaanza na mabuti ya marehemu baba,
ya mpira, ya shambani, hadi magotini.
Nikapinduka makusudi penye kina cha shingo,
Kavugho amekaa jiweni, anahesabu.
Mabuti yakanywa, yakanywa kama wageni wa matanga,
kila mguu ukawa ndoo.
"Sitini na mbili," akasema. "Ungekuwa tangazo la redio."

Sapatu zilielea bila mimi.
Moja niliiona Alhamisi kwa muuza sambaza,
anafukuzia nzi.

Raba za kaka, kamba ndefu:
kamba ikanasa kwenye kiti,
tumbo juu ya chombo, mguu mmoja bado majini,
nikabaki pale kama shuka
iliyoanikwa na mtu aliyeitwa ghafla.

Basi miguu mitupu!
Lakini ufuo wetu haujui mchanga.
Ni moto uliopoa ukiwa na hasira,
mawe meusi, kila pembe wembe.
Nilitoka majini nikiacha nyayo
ambazo mbwa alizifuata, akinusa.

Birere, kwa Bisimwa fundi viatu.
"Cha kazi gani?"
"Cha kupindukia."
"Vyote hapa ni vya kupindukia, uliza bei."
Akacheka peke yake. Nikamweleza.
Akaacha kucheka, akafuta benchi kwa kiwiko.
"Lala kifudifudi. Piga mateke."
Katikati ya soko, wapita njia wakisimama,
nikaogelea juu ya mbao,
naye akipima kisigino kikiwa hewani,
kwa kuwa huko, alisema, ndiko kiatu hiki kitafanya kazi,
nyuma yako, usikokuona.

Tyubu ya baiskeli juu ya soksi ya sufu.
Soli nyembamba, ihisi jiwe bila kukatwa nalo.
Kamba hakuna. Karibu na kidole gumba, tundu:
"Maji yataingia tu. Yatafutie pa kutokea."
Dola saba. Tukafika tano na nusu.

Jumanne hii sikupinduka makusudi.
Upepo ulitoka kwenye kona yake, ukanigeuza kama chapati.
Giza, baridi hadi kwenye fizi,
halafu mateke, mateke, mwili ukalala juu ya maji,
kifua kikapanda, kitovu kikapanda,
nikageuka taratibu, nikakaa.
Nikavihesabu vidole bila kuvitazama.
Kumi. Vyote vinalalamika.

Kavugho hakunipongeza.
Alivitazama viatu vikikojoa kupitia matundu yao,
vibaya, vyeusi, miguu ya bata,
akainua unyayo wake mmoja, akaupangusa.
"Huyo Bisimwa wako," akasema,
"thelathini na tisa anayo?"