Kituo Namba Nne

Maktaba hufungwa saa nne usiku, mtandao wake haufungwi.
Unavuja kidogo kupitia dirisha la chumba cha majarida,
na sisi wa hosteli za Malimbe tunajua ngazi ya kukalia.

Nimeandika "dagaa".
Matokeo: sifuri.
Nimeandika "dagaa wa ziwani",
nikaletewa makala tatu, zote za bahari za watu.

Samaki aliyenilipia ada tangu chekechea,
ambaye harufu yake haikutoka kwenye sare yangu
hata kwa sabuni ya mche,
humu ndani hajulikani.

Asubuhi nikamfuata Luhende wa dawati la marejeo,
anayekunywa uji kwenye kikombe kilichovunjika mkono.
Akaguna. "Humu, dada, kila mtu huitwa kwa jina la ubatizo."
Akaandika nyuma ya risiti
maneno mawili ya Kilatini, marefu, yamekaza shingo.
"Mwite hivyo. Na uingie kwa nywila ya chuo,
usipite mlango wa mbele. Mlango wa mbele wanatoza."

Wanatoza kweli. Juzi nilifika hapo:
dola thelathini na tisa, kurasa kumi na moja.
Nilipiga hesabu kwa kipimo cha nyumbani:
madebe manne ya dagaa mkavu, asiye na mchanga,
na mvua isinyeshe siku ya kuanika.

Nikamwita kwa jina la ubatizo.
Matokeo: elfu moja mia mbili na sita.

Jamani!
Walikuja kama wanavyoijia taa usiku usio na mwezi,
wadogo, wengi, wakimeta,
nami na kiwavu changu cha maneno mawili
sijui nivute upande gani.
Nikachuja: miaka kumi ya karibuni.
Nikachuja: zenye andiko kamili.
Nikachuja: Ghuba ya Speke.
Zikabaki tisa.

Ya sita ina ramani. Ziwa wamelipaka kijivu,
pwani ni uzi mweusi, na nukta saba zina namba.
Nikaikuza kwa vidole viwili
mpaka nukta ya nne ikavimba kama nundu.

Ule mkunjo naujua.
Hapo kuna jiwe lenye ufa tunapoanika,
hapo banda la mama, hapo choo cha mabati,
hapo korongo wawili husimama kutwa
kama maofisa ushuru.
"Kituo namba 4. Ufuko wa mawe.
Shughuli za binadamu: za wastani."

Za wastani.
Mama anaamka saa tisa.

Nikawakumbuka: wageni wa ndoo nyeupe,
mimi darasa la saba, nikiwashikia kamba.
Walikula ugali kwetu. Mmoja, mwenye kofia, aliuliza
dagaa hukauka kwa muda gani,
mama akajibu bila kuinua kichwa:
jua likiwa jema, siku moja.

Jedwali la pili, safu ya mwisho:
"Muda wa kukauka: siku 1 (mahojiano)."

Nimelisoma neno hilo lililofungiwa mabano
mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.
Mahojiano ni mama yangu.

Nikampigia. Nikamweleza kwamba yumo,
kwamba watu wa mbali wamemnukuu mara thelathini na mbili
na hawamjui jina.
Akanyamaza. Nilisikia turubai likiburutwa.
"Kumbe waliandika," akasema.
"Basi warekebishe. Siku hizi ni mbili, mara nyingine tatu.
Jua la sasa linaonja tu, haliivishi.
Umekula?"

Kwenye orodha ya marejeo, chini ya wale tisa
wenye majina ya ukoo na herufi zenye nukta,
nimeongeza wa kumi. Msimamizi akitaka afute, afute yeye:

Kashinje, Holo. Kayenze.
Kwa simu, saa moja kasorobo jioni,
akifunika dagaa.