Vifungo na Vifungu

Duka lilikuwa la shangazi yake Henrike, mjini Wuppertal,
chini ya reli ambayo treni huning'inia kama popo juu ya mto.
Droo mia nne na sita: pembe, shaba, gamba la chaza.
Mimi nilishika daftari, na penseli,
maana shangazi Irmgard hakuamini wino.

Mwaka wa tisini na nane Henrike alikuja na kompyuta kifuani
kama mtu aliyeokota mtoto.
Akasema, kila kabati duniani lina koti lisilo na kifungo kimoja.

Benki ya mtaani ikatupa marki elfu thelathini
na kalenda.

Kisha akaja Vossbeck kutoka Frankfurt,
viatu vyake havijui tope.
Hakuuliza tunauza vingapi.
Aliuliza wangapi wametuchungulia.
Nikamjibu, kuchungulia si kununua.
Akacheka: Bibi, faida ni ushamba.
Akaacha milioni sita na mkataba wa kurasa tisini.
Kifungu cha kumi na nne nilikisoma mara tatu,
nikaona kina meno,
nikanyamaza.
Hilo ni langu. Liandikwe.

Tukahamia Düsseldorf, ghorofa ya nane,
vijana thelathini na wanane,
mmoja kazi yake kuchagua buluu.
Kifungo tulikiuza fenigi hamsini,
tukakisafirisha kwa marki mbili na nusu.
Kadiri tulivyouza ndivyo tulivyopungua,
kadiri tulivyopungua ndivyo hisa ilivyopanda.
Ishirini. Sitini. Mia na kumi.
Tarishi alinunua. Daktari wangu wa meno aliniuliza,
vidole vyake kinywani mwangu,
aongeze ngapi.

Machi, bei ikajikwaa.
Tukasema imeinama kufunga kamba za kiatu.
Aprili ilikuwa bado imeinama.
Vossbeck, aliyekuwa akipiga simu hata Jumapili,
alituma barua ya mistari miwili,
na mmoja ulikuwa salamu.
Kifungu cha kumi na nne.

Dalali aliuza viti kwa jozi, kama viatu.
Kijana wa buluu aliondoka na chungu cha maua.
Daktari wa meno sijamrudia.
Jino bado linauma.

Januari ile marki yenyewe ikafa.
Nilikesha nikigawanya deni letu kwa mbili kasoro kidogo,
nikadhani limepungua,
kumbe limebadilishwa nguo tu.
Wanasema dawa ya deni kulipa.
Hawasemi vijiko vingapi, wala kwa miaka mingapi.

Duka bado lipo. Irmgard alikuwa amekataa kuliweka rehani,
akatuita wapumbavu, akatupikia supu.

Leo asubuhi ameingia mama mmoja, ameshika koti la mumewe,
kifungo cha tatu hakipo.
Henrike amepanda ngazi, droo ya mia mbili na kumi na moja,
amekosea, ameshuka, amepanda tena.

Senti arobaini.
Nimeandika kwa penseli.